Mzee Yuko Nyumbani, Lakini Je, Anatunzwa?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Mada niliyopewa ni utunzaji wa wazee wasiojiweza. Najua nikiitaja tu, kuna watakaosema, "Hiyo ni shida ya Wazungu. Sisi hapa Takaba hatuna nyumba za kutupia wazee." Ni kweli. Hapa kwetu mzee huzeekea kwake, katikati ya wanawe na wajukuu. Kenya nzima nyumba za wazee ni chache, na zinazojulikana ziko mijini, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani jijini Nairobi inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Huko Zanzibar nako, ambako wengi ni Waislamu, serikali imekuwa na makao ya wazee Sebleni na Welezo kwa ajili ya wasio na wa kuwaangalia.

Basi tunajisifu kwamba hatujampeleka mzee popote. Alhamdulillah. Lakini hebu tuulizane ukweli leo. Huyo mzee aliye ndani ya nyumba yako, aliyelala kwenye mkeka tangu asubuhi, mara ya mwisho kugeuzwa ilikuwa saa ngapi? Maji alikunywa lini? Mgongo wake nani ameutazama wiki hii?

Ndugu zangu, mzee kuwa nyumbani ni jambo moja. Mzee kutunzwa ni jambo lingine.

AYA IMESEMA NINI

Sote tumehifadhi aya ya 23 na 24 za Suratul Israa tangu tukiwa chuoni na mbao zetu. Allah ameweka wema kwa wazazi baada tu ya kuamrisha aabudiwe Yeye peke yake. Kisha akamtaja mzazi aliyefikia uzee akiwa kwako, akakataza asiambiwe hata "uff".

Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas (R.A.), alieleza maana yake kwa namna inayotugusa hasa leo. Alisema ni pale mzazi anapozeeka akawa hawezi kuzuia haja zake: usimwonee kinyaa wala usigune, kwa sababu yeye alikusafisha wewe ukiwa mdogo na hakuguna. Mnaona? Mwanachuoni huyu hakuishia kwenye maneno matamu. Alizungumzia kinyesi na mkojo. Kwa hivyo heshima ya mzee haiko kwenye salamu na kumbusu mkono peke yake. Iko pia kwenye beseni la maji, kitambaa na shuka safi.

Tena ile aya imesema "kwako". Kuwa kwako ndio mwanzo wa kazi, sio mwisho wake.

KAZI HII INASOMEWA

Ndugu zetu wengi wa Kisomali walioko Marekani, hasa jimbo la Minnesota, wanafanya kazi ya uuguzi msaidizi katika nyumba za wazee. Sheria ya nchi ile iliyopitishwa 1987 inataka mtu wa kazi hiyo asomeshwe kwa saa zisizopungua 75, na kati ya hizo 16 ziwe za vitendo chini ya msimamizi. Anafundishwa kumgeuza mzee, kumnyanyua, kumwosha, kumlisha na kuzungumza naye. Sheria ile ile imempa mzee haki ya kutofungwa kamba wala kulazwa kwa dawa ati kwa sababu wahudumu wanataka kupumzika.

Sasa fikirieni. Dada yetu anasoma saa 75 ili amgeuze ajuza wa Kizungu asiyemjua. Na sisi hapa hatujasoma hata saa moja namna ya kumgeuza ayeyo wetu. Tunadhani mapenzi yanatosha. Mapenzi bila elimu yanaweza kumvunja mzee mkono.

Wala msidhani uuguzi ni jambo geni kwa Uislamu. Baada ya vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (R.A.) aliyejeruhiwa kwa mshale aliuguzwa na bibi mmoja aitwaye Rufaida katika hema lililokuwa msikitini kwa Mtume (S.A.W.). Hii ni kazi iliyofanyika ndani ya msikiti, kwa hivyo tusiione kuwa ni kazi duni.

MAMBO SITA YA KUSHIKA

Haya ni mambo yanayofundishwa wauguzi wasaidizi, nami nimeyaweka kwa hali ya nyumba zetu. Sio dawa. Ukiona ugonjwa mpeleke hospitali.

Kwanza, mjulishe kabla hujamgusa. Bisha hodi, toa salamu, kaa mbele yake akuone, mwambie unachotaka kufanya, kisha ngoja akubali. Usimshike kwa nyuma kama unayeshika mbuzi. Akisema "sio sasa", rudi baadaye kidogo. Mtu aliyekuwa akiamua mambo ya ukoo mzima asinyimwe kuamua saa ya kuoga.

Pili, mgeuze. Anayelala upande mmoja muda mrefu, damu haipiti vizuri pale mfupa unapokandamiza ngozi. Hapo ndipo vinapoanza vidonda vya kulalia, navyo huanza kama wekundu au weusi mdogo tu, kisha huchimba hadi mfupani. Mahali pa kuangalia kila siku ni visigino, nyonga, chini ya mgongo, mabega, viwiko na kisogo. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila saa mbili. Usimburute, kwa sababu ngozi ya mzee huchubuka kama karatasi. Kunja shuka mara mbili, liweke chini yake, watu wawili walishike huku na huku na kumsogeza nalo. Weka mto au nguo zilizokunjwa chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Pahali palipoiva usipasugue wala kupaka spiriti. Na kama mzee analala chini juu ya mkeka, mtafutie godoro, hata kama ni moja tu nyumbani.

Tatu, mnyanyue kwa akili. Usimvute mikono wala kumnyanyua kwa kwapa, bega litateguka. Mkalishe kwanza ukingoni mwa kitanda, angoje kizunguzungu kiishe, miguu ikanyage chini vizuri. Piga magoti kidogo, mgongo wako uwe umenyooka, mshike kiunoni. Mkubaliane kwamba mkisema "Bismillah" ndio mnainuka pamoja. Kama ana kiti cha magurudumu, funga breki kwanza. Aliyepata kiharusi, kanzu huanza kuvalishwa mkono ulio dhaifu, na ukimvua unaanza na mkono wenye nguvu. Usiku mwekee tochi karibu, na njia ya kwenda chooni isiwe na madebe, kamba wala mawe. Kuanguka mara moja kunaweza kummalizia mtu kutembea.

Nne, mwoshe huku umemsitiri. Funga mlango au teremsha pazia, watoto watoke. Osha sehemu moja, kausha, funika, ndipo uende nyingine. Maji yapime kwa upande wa ndani wa mkono wako. Mwanamke asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma ili uchafu usiingie kwenye njia ya mkojo. Sehemu za siri tumia glavu au funga kitambaa mkononi, na kadiri inavyowezekana mwanamume ahudumiwe na mwanamume na mwanamke na mwanamke. Nawa mikono kabla na baada. Akijikojolea mbadilishe mara moja, usimkaripie, na usimpunguzie maji ya kunywa ati asikojoe. Na ukitoka hapo usiende kuhadithia barazani uliyoyaona. Mwili wa mzee ni amana.

Tano, mlishe polepole. Awe ameketi wima, sio amelala. Tonge dogo, ameze, ndipo jingine. Akikohoa au sauti ikawa kama ina maji, simama. Chakula kikienda njia ya pumzi huleta nimonia. Baada ya kula akae wima kama nusu saa. Mzee hasikii kiu kama wewe, na joto la huku kwetu mnalijua. Usingoje aombe maji, mpe kidogo kidogo mchana kutwa.

Sita, akili ikichoka usibishane naye. Kuna mzee anayeuliza ngamia walioisha zamani kwenye ukame, au anakuita jina la kaka yake marehemu. Usimcheke, usimwite mwenda wazimu, wala usikimbilie kusema ni jini. Uzee una maradhi ya kusahau. Mjibu kwa upole, muulize habari za ngamia wale, atatulia. Usimfunge kamba, usimfungie ndani. Lakini akichanganyikiwa ghafla, jana alikuwa mzima na leo hakujui, hiyo ni dalili ya ugonjwa, huenda ni maji yamepungua mwilini au maambukizi. Mkimbize hospitali.

NA RAMADHAN JE?

Mwezi huu una mitihani yake kwa wazee. Wengi wanalilia kufunga hata kama mwili umekataa. Wanaona aibu kula mchana. Mueleze kwa upole kwamba ruhusa ni ya Allah mwenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 184. Mkumbushe Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) kwa miaka kumi: alipozeeka na kushindwa kufunga, alikula na akamlisha maskini kwa kila siku. Basi fidya ya mzee wako ishughulikie wewe, na yeye umletee chakula chake kwa heshima, sio kwa kificho kama mwizi. Anayetumia dawa za kisukari au presha asibadilishe saa za dawa kabla ya kumuuliza daktari.

Swala pia. Hadithi ya Imran bin Husayn (R.A.) inatufundisha kwamba asiyeweza kusimama ataswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa ataswali kwa ubavu. Basi mletee maji ya udhu, mwelekeze kibla. Wazee wengi hawalii njaa, wanalia kwamba swala inawapita na hakuna wa kuwatawadhisha.

Na hili niseme waziwazi hata kama litatuchoma. Jioni tunafuturu, tunakimbilia Taraweh, nyumba nzima inabaki tupu, na mzee asiyeweza kuinuka ameachwa peke yake na giza. Taraweh ni sunna. Kumtunza mzazi ni wajibu. Wekeni zamu. Leo abaki mmoja, kesho mwingine, na anayebaki ataswali Taraweh yake pale pale kando ya kitanda.

NANI AFANYE?

Kina kaka, hapa nawageukia ninyi. Kazi hii tumewatwika mama zetu, dada zetu na wake za kaka zetu. Kuna msichana aliyeacha madrasa na skuli kwa sababu ya kumwangalia babu, huku kaka zake watatu wako barazani wanatafuna. Ukimuuliza mmoja anasema ni kazi ya wanawake. Aya ya Israa ilishushwa kwa wanawake peke yao? Tena yule babu ni mwanamume, anaona haya kuoshwa na mke wa mwanawe. Anakungoja wewe.

Na wewe uliyeko Nairobi au ng'ambo unayetuma pesa kwa simu, Allah akulipe, lakini pesa hazimgeuzi mtu kitandani. Ukija likizo, shika beseni.

Kuhusu pesa, kuna shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii kwa waliofikisha miaka 70 waliosajiliwa. Hizo ni mali ya mzee. Zimnunulie sabuni, maziwa na mpira wa kutandika chini ya shuka. Sio za miraa ya mjukuu. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 57, imempa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa yake na serikali. Kwa hivyo anayemdhulumu mzee amevunja amri ya Mola wake na sheria ya nchi yake pia.

MWISHO

Mnaikumbuka hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipopanda mimbari akaitikia "Amin" mara tatu. Moja ilikuwa juu ya aliyeikuta Ramadhan ikatoka hajasamehewa. Nyingine ilikuwa juu ya aliyewakuta wazazi wake katika uzee nao wasiwe sababu ya yeye kuingia peponi. Milango hiyo miwili, kwa wengi wetu hapa, iko wazi mwezi huu mmoja na chini ya paa moja.

Basi leo kabla ya futari, nenda kwa mzee wako. Toa salamu, mpe maji kama hafungi, kisha muombe ruhusa umtazame visigino na mgongo. Ukikuta wekundu umewahi, alhamdulillah. Ukikuta kidonda, kesho asubuhi muwe hospitalini.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Ipe mikono yetu upole na ndimi zetu subira. Utupokelee funga zetu, na siku tutakapokuwa sisi ndio tuliolala, utujaalie wa kutugeuza bila kuguna. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.