Muulizeni Hata Aliyetulia

Ninyi wahitimu mmemaliza mafunzo ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 unataka kila kitongoji na kila mtaa uwe na wahudumu wawili kama ninyi, jumla 137,294 nchi nzima. Mmejifunza kufuatilia wajawazito, watoto, malaria na kifua kikuu. Mkibisha hodi kwa hayo, mtakaribishwa. Mimi muuguzi wa afya ya akili nawaomba mkumbuke mgonjwa ambaye huenda mwenyeji wenu asimtaje: mwenye skizofrenia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 300 hivi anaishi na ugonjwa huu. Husikia sauti wasizozisikia wengine, huamini anawindwa, hujitenga. Majirani huogopa atawadhuru, na wapo wanaofungwa kamba kwa hofu hiyo. Lakini anayehatarishwa zaidi ni yeye mwenyewe. Tafiti za nchi mbalimbali zinakadiria kuwa watu 5 hivi kati ya 100 wenye skizofrenia hufa kwa kujiua, na wengi zaidi ya hao hujidhuru wakapona. Waliobaki, walio wengi mno, hawafi hivyo. Basi kifo hiki hakijaandikwa kwa yeyote, kinazuilika.

Hatari hupanda lini? Miaka ya mwanzo ya ugonjwa, na majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Hapo ndipo sisi ndugu tunapolegea. Kijana amerudi kutoka hospitali ya Morogoro mjini au ya Mirembe, anaoga, anasalimia, ameshika jembe. Tunasema amepona. Kumbe utulivu huo humpa nafasi ya kupiga hesabu ya alivyopoteza: masomo yamekatika, mchumba ameolewa kwingine, watoto wanamzomea njiani, na dawa hajui atameza hadi lini. Akikata tamaa hapo, anaweza kuwa hatarini zaidi kuliko siku alipokuwa akipiga kelele. Ongeza uangalizi zaidi kama aliwahi kujidhuru, kama sauti zinamwamuru ajiumize, kama ameacha dawa, au kama amezama kwenye pombe na bangi.

Kwa hiyo msiishie kumuuliza kama amemeza dawa. Ketini naye, mumuulize kwa upole: "Kaka, kuna wakati unaona heri ufe? Hizo sauti zinakuambia ufanye nini?" Wengi huogopa kuuliza wakidhani watampa wazo. Kuuliza hakupandi wazo. Humwonyesha kwamba yupo mtu anayeweza kubeba jibu lake.

Akisema ndiyo, msimhubirie wala msimgombeze. Asiachwe peke yake. Mwiteni ndugu anayemwamini. Kwetu Uluguru mara nyingi huyo ni mjomba. Huku kwenye migomba, michungwa na viungo, dawa za kupulizia mazao hukaa hata chumbani: ziondolewe, zifungiwe, ufunguo ashike mwingine. Siku hiyohiyo afikishwe kituo cha afya. Na familia inayotaka maombi, iendelee kuomba, dawa zisikatishwe.

Mtakutana pia na ukimya. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, hivyo familia husema mgonjwa "aliteleza". Kwa jirani zetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha aina hiyo kinakiuka katiba yao. Mimi natamani siku hiyo ifike kwetu. Lakini tiba haina haja ya kuisubiri. Aliyejidhuru ni mgonjwa wenu: mpelekeni atibiwe, mtunze siri yake, mrudi kumwona.

Mkoa huu wa Morogoro una historia katika kazi hii. Miaka ya 1980, Tanzania ilipoanza mpango wa taifa wa afya ya akili kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mikoa ya majaribio ilikuwa miwili: Kilimanjaro na Morogoro. Shabaha ilikuwa huduma imfikie mgonjwa karibu na nyumbani kwake. Ninyi mnaweza kuifikisha hadi mlangoni.

Naomba basi kazi yenu ya kwanza iwe hii. Nendeni kituoni, mumuulize mganga ni nani katika kitongoji chenu ametoka hospitali hivi karibuni kwa ugonjwa wa akili. Mtembeleeni juma hilohilo, na mrudi juma linalofuata, hata akiwakaribisha kwa tabasamu na kuwaambia hajambo.