Aliyeitika na Aliyekwenda



Ukipita mitaani usiku wa mkesha utasikia vipaza sauti vya makanisa vikishindana. Watu wanaimba kwamba wamejitoa kwa Bwana, na kila walicho nacho ni chake. Ni jambo jema. Lakini katika Injili ya Mathayo, sura ya 21, Yesu anasimulia habari za baba mwenye wana wawili. Mmoja aliagizwa aende shambani, akakataa, kisha akajuta akaenda. Wa pili aliitika kwa adabu zote, wala hakwenda. Yesu aliuliza ni yupi aliyetimiza mapenzi ya baba. Hakuuliza ni yupi aliyeitika vizuri.

Leo napenda tumkumbuke mmoja aliyekwenda. Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Nchi yake ilikuwa chini ya Idi Amin, na watu walikuwa wakikamatwa na kutoweka. Luwum hakushika bunduki wala hakuhubiri fujo. Alikwenda mwenyewe katika ofisi za wakubwa kuwaombea waliokamatwa, hata wapo Wakristo waliomlaumu kwamba yu karibu mno na serikali.

Usiku wa Februari 5, 1977, askari waliivamia nyumba yake wakidai wanatafuta silaha. Hawakuziona. Siku chache baadaye, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais barua, wakatia saini, wakalalamikia upekuzi huo na jinsi bunduki ilivyogeuzwa dhidi ya raia.

Kunyamaza kungekuwa salama, tena kungepewa majina mazuri: hekima, subira, heshima kwa mamlaka. Ni kweli Paulo aliwaagiza Warumi wawatii wenye mamlaka. Lakini Petro na wenzake walipokatazwa kuhubiri, walisema Mungu hutangulia kutiiwa. Luwum aliyashika yote mawili. Alimheshimu Rais kwa kumwambia ukweli waziwazi, akamtii Mungu kwa kutoufunika.

Februari 16 viongozi wa dini waliitwa Kampala, silaha zikaanikwa mbele yao, Luwum akatuhumiwa kula njama. Alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kesho yake redio ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Ulikuwa uongo, waliuawa.

Sisi tunaokula kwa kazi ya kipaza sauti tusiisahau taarifa ile. Yupo aliyeiandika na yupo aliyeisoma. Simhukumu, maana bunduki ilikuwa karibu. Lakini yeye naye alitii. Mtu hakosi kutii. Swali ni anamtii nani.

Kwa wengi wetu leo kinachotutisha si bunduki. Ni bahasha. Ni karani anayeficha faili mpaka apewe chai. Ni mwenye duka aliyeichezea mizani. Ni mama au baba anayetoa fungu la kumi kila mwezi, huku mtumishi wa nyumbani anamdai mshahara wa miezi mitatu. Hawa hawahitaji ndoto wala unabii ili wajue Mungu anataka nini. Wanajua. Wameitika, bado hawajakwenda.

Tangu mwaka 2015 Februari 16 ni sikukuu ya taifa nchini Uganda, na sanamu ya Luwum imesimama Westminster Abbey, London, tangu 1998. Heshima hizo zilikuja baadaye. Siku ya kutia saini palikuwa na karatasi, kalamu na hofu tu.

Juma hili, basi, kila mmoja alitafute lile agizo dogo analolijua tayari, alipe deni, arudishe faili, anyoshe mizani. Shamba liko palepale.

Kwaherini.