Tairi za Matope kwa Pikipiki Ndogo

Huku kwetu Mowlem mvua ikinyesha, udongo mweusi hujaa kwenye mitaro ya tairi, pikipiki ikateleza, abiria chini. Ndiyo maana vijana wetu wanaomba mkopo wa kikundi wanunue tairi zenye meno makubwa.

Basi kabla ya kutoa pesa, tusome ubavuni mwa tairi. 3.00-17 maana yake upana inchi 3, rimu inchi 17. Ukiweka pana zaidi, huenda ikasugua mnyororo. Tena kuna tarakimu nne: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Muuzaji akiapa ni mpya, wewe angalia hapo.

Rimu za aloi zinang'aa, kweli! Lakini ya spoki ikipinda fundi wa jua kali huinyoosha. Ya aloi ikipasuka, ni kununua nyingine. Na anayebeba watu kwa lami kutwa, meno makubwa ya nini? Yanaisha upesi, na lami ikilowa hayashiki vizuri. Huyo achukue ya meno yaliyokaribiana.

Jumamosi tunaenda Kirinyaga Road, ile Grogan ya zamani. Kila mwenye pikipiki amwachie katibu saizi yake.