Tableti au Kompyuta ya Mezani: Ushauri kwa Ofisi Ndogo za Wang'uru

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya makarani wa vikundi vya wakulima, wenye maduka na walimu, Wang'uru, Kaunti ya Kirinyaga



Swali nililopewa ni fupi: mwenye shilingi 25,000 anunue tableti au kompyuta ya mezani? Nitalijibu mapema ili tupate muda wa kujadiliana. Kwa ofisi nyingi za hapa Wang'uru, jibu ni kompyuta ya mezani iliyotumika, ile tunayoiita ex-UK. Sababu yangu kubwa ni kwamba kila mmoja wetu humu ndani tayari ana simu ya Android mfukoni. Karibu kila linalofanywa na tableti ya bei nafuu, simu hiyo inalifanya. Mnunuzi wa tableti amenunua tena kitu alicho nacho, kikiwa kimepanuliwa kidogo. Pesa zikiwa chache, zinunue uwezo ambao huna.

Najua wengi mmekuja na maswali kuhusu ukubwa wa kumbukumbu, kamera na jina la kampuni. Tutafika huko. Kwanza naomba tuulizane kazi yenu inaishia wapi. Inaishia kwenye karatasi iliyochapishwa? Kwenye fomu ya kodi ya KRA? Kwenye meza ya mtahini? Au inaishia shambani, mkononi mwa mtu aliyesimama juu ya tuta? Chombo kichaguliwe kwa kuangalia huko mwisho.

Karani na jedwali lake

Tuchukue karani wa kikundi cha wakulima huko Tebere au Thiba. Mgao wa kawaida katika mradi wa umwagiliaji wa Mwea ulikuwa ekari nne kwa kila mkulima, ingawa leo mashamba mengi yamegawanywa kwa watoto na wajukuu, na namba moja ya shamba inaweza kuwa na majina matatu nyuma yake. Kila jina lina magunia yaliyopimwa, mkopo wa mbolea, malipo ya maji, ya trekta na ya mashine ya kuvunia. Mavuno makuu yakifika, Novemba na Desemba, karani huyo anahitaji jedwali lenye safu kumi au zaidi na mistari mia mbili au mia tatu. Na tangu Bwawa la Thiba likamilike mwaka 2022, bwawa lililojengwa ili mashamba yapate maji ya kulima misimu miwili kwa mwaka, kazi hiyo haingoji Desemba peke yake.

Sasa lifungue jedwali hilo kwenye tableti ya inchi nane. Ukigusa kisanduku ili uandike, kibodi inaibuka kutoka chini na kufunika nusu ya skrini. Unabaki na mistari sita hivi. Ukienda safu ya tisa, ya makato, jina la mkulima limeshatoweka upande wa kushoto. Unavuta kwa kidole ili ulione jina, kidole kinagusa kisanduku kingine bila wewe kujua, na kilo 1,840 za mtu mmoja zinaingia kwenye mstari wa jirani yake. Kosa hilo halionekani siku hiyo. Linaonekana siku ya malipo, mbele ya watu, na hapo karani anaitwa mwizi.

Mweke karani yuleyule mbele ya skrini ya inchi 19 na kibodi yenye tarakimu upande wa kulia. Mkono wa kulia unaingiza namba, macho yako kwenye daftari la mizani, na anapoinua uso anaona wakulima thelathini kwa pamoja, kila mmoja na jina lake. Hiyo ndiyo kazi ambayo simu haiwezi, na tableti ya bei ya chini pia haiwezi. Mwenye nia anaweza kuiunganisha tableti na kibodi ya bluetooth, lakini skrini inabaki ndogo ilivyokuwa.

Jambo la pili ni kodi. Stakabadhi za eTIMS, mfumo wa KRA wa stakabadhi za kielektroniki, mfanyabiashara mdogo anaweza kuzitoa kwa simu, hata kwa kubonyeza *222#. Ritani ya mwaka ya mwenye biashara, inayotakiwa kufikia tarehe 30 Juni, ni habari nyingine. Fomu ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, hupakuliwa kama faili la Excel lenye makro ndani yake, na makro hizo ndizo zinazokagua ulichojaza na kutengeneza faili la kupandisha. Excel ya Android haiendeshi makro. Ndiyo maana kila mwisho wa Juni watu wenye simu nzuri kuliko yangu wanapanga foleni saibani. KRA hutoa pia fomu za aina ya ODS kwa wanaotumia LibreOffice, programu isiyolipiwa, nayo pia inahitaji kompyuta kamili.

Kuna printa pia. Ofisi nyingi ndogo zina printa ya zamani ya waya wa USB. Kompyuta ya mezani itaitambua, au fundi ataitafutia programu yake kwa dakika chache. Tableti itataka printa ya Wi-Fi, na bajeti yetu imekwisha kabla hatujaanza.

Kwa walimu nitasema neno moja tu kuhusu sekondari. Somo la Computer Studies katika KCSE lina karatasi tatu: ya nadharia, ya vitendo na ya mradi. Karatasi ya vitendo inahusu majedwali, hifadhidata na upangaji wa kurasa, na mtahiniwa aliyejifunzia kwenye kioo cha kugusa atafika chumba cha mtihani akiwa mgeni wa kibodi na mausi.

Tableti inaposhinda

Sitaki mtoke hapa mkidhani naidharau tableti. Agosti 2019 Kenya ilifanya sensa yake ya kwanza kwa tableti, zaidi ya 160,000, na chombo kingine kisingefaa. Mhesabu watu anatembea nyumba kwa nyumba, anajibiwa maswali mafupi, anachagua majibu yaliyokwisha kuandikwa, na stima hana. Kazi ikiwa ya namna hiyo, chukua tableti bila kusita. Afisa wa kilimo anayekagua wadudu shambani na kupiga picha za majani anafanya kazi ya aina hiyo. Hata hivyo ajiulize kama simu yake haitoshi, kwa kuwa mara nyingi inatosha.

Somo la upande wa pili tumelipata shuleni. Kampeni ya uchaguzi ya mwaka 2013 iliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Mpango ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016, laptopu zilikuwa zimegeuka tableti, zikatolewa na makundi mawili: moja la Chuo Kikuu cha Moi na JP-IK ya Ureno, jingine la Chuo Kikuu cha JKUAT na Positivo BGH. Zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma nchi nzima. Nyingi ya tableti hizo ziliishia makabatini, na kufikia 2019 serikali ilikuwa imeanza kuzungumzia maabara za kompyuta badala yake. Wengine wanalaumu walimu. Mimi naona tatizo lilianza mapema zaidi: kifaa kilichaguliwa kabla ya kuamuliwa kitafanya kazi gani saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, darasani. Shule yenye kompyuta sita za mezani kwenye chumba kimoja chenye kufuli imara inaweza kuwa na ratiba inayofuatwa. Shule yenye tableti themanini za kuchajiwa kila siku inahitaji mtu wa kuzichaji, na mtu huyo hakuajiriwa.

Stima na pumba

Hoja nzito dhidi ya kompyuta ya mezani ni stima, na sitaikwepa. Kompyuta ya ofisi pamoja na skrini yake hula takribani wati 100 ikiwa kazini. Kwa saa nane kwa siku, siku 26 za mwezi, hizo ni yuniti 21 hivi. Ukikadiria yuniti moja kwa shilingi 30, tokeni zake ni kama shilingi 620 kwa mwezi. Tableti inayochajiwa saa tatu kwa siku kwa chaja ya wati 10 haifiki shilingi 25. Tofauti ni karibu shilingi 7,000 kwa mwaka, na anayepanga bajeti ni lazima aihesabu. Duka ambalo kompyuta ingewashwa kutwa nzima ili iandike mauzo kumi tu halina sababu ya kuinunua. Simu na daftari vinatosha.

Stima ya Wang'uru ina tabia yake pia. Mota kubwa za viwanda vya kukoboa mpunga zikiwashwa, nguvu ya umeme hushuka, taa zinafifia, na kompyuta isiyo na kinga inazimika karani akiwa katikati ya kazi. Kwa hiyo UPS ihesabiwe kuwa sehemu ya kompyuta. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 inakupa dakika chache za kuhifadhi faili na kuzima kwa utaratibu, na inatosha. Asiyeweza kumudu UPS asubiri mwezi mmoja zaidi kabla ya kununua.

Halafu kuna pumba. Ukifungua sanduku la kompyuta, lile tunaloliita CPU, ambalo limekaa mwaka mmoja karibu na kiwanda cha mpunga, utakuta feni imevaa koti la vumbi la rangi ya majani makavu, na mapengo ya bati la kupoza prosesa yameziba kabisa. Mashine inakuwa nzito, inazima yenyewe mchana, mwenyewe anasema imeingiwa na virusi. Dawa ni bisibisi, brashi laini na bloa kila baada ya miezi mitatu, na sanduku liinuliwe kutoka sakafuni. Kazi hiyo karani anajifunza kwa siku moja.

Hapo ndipo ubora wa ya mezani unapoonekana. Kumbukumbu ikiwa haitoshi unaongeza. Diski ikizeeka unaweka SSD na mashine inaamka. Pawasaplai ikiungua fundi wa hapa mjini anabadilisha siku hiyohiyo. Tableti ya bei nafuu imegundishwa kwa gundi. Hifadhi yake imechomelewa ubaoni. Kioo chake kikipasuka, gharama inakaribia bei ya kifaa. Na betri ikianza kuvimba, habari imekwisha.

Laptopu iliyotumika nayo ina watetezi wake. Kwa pesa zilezile utapata mashine ya zamani zaidi na betri iliyochoka, kwa hiyo inamfaa tu anayelazimika kusafiri na kazi yake.

Siku ya kununua

Hapa naomba mwandike, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea.

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Kampuni za Ulaya zinaondoa mashine zisizokidhi masharti hayo, na mashine hizo zinakuja kwetu. Muuzaji atakuambia ni "Core i5" na kunyamaza. Wewe uliza namba inayofuata. i5-4570 ni ya kizazi cha nne. i5-8500 ni ya kizazi cha nane. Zote ni Core i5, na kati yao kuna miaka kadhaa.

Usiamini kibandiko cha mbele ya sanduku, kwa kuwa kibandiko hubandikwa na yeyote. Iwashe mashine na ubonyeze F2 ikiwa ni Dell, F10 ikiwa ni HP, F1 ikiwa ni Lenovo. Ukurasa utakaofunguka utakuonyesha prosesa na kumbukumbu za kweli. Ikidai nenosiri la kampuni iliyokuwa ikiimiliki, iache hapohapo dukani. Iache iwake nusu saa huku mkizungumza bei, halafu usikilize feni na uguse ubavu wa sanduku.

Kama pesa zako zinafikia ya kizazi cha nane, chukua hiyo. Kama zinaishia kwenye ya nne au ya sita, bado inafaa kwa kazi ya karani, kwa sharti moja: fundi aondoe Windows na aweke Linux Mint pamoja na LibreOffice. Ni bure na halali, na usalama wake unaendelea kusahihishwa. Kwa siku chache za mwanzo karani atalalamika. Majedwali yake yatafunguka vilevile.

Nakala za kazi ziwekwe kila jioni kwenye flashi mbili, moja ibaki ofisini, nyingine ilale nyumbani kwa mweka hazina.

Ombi langu kwa viongozi wa vikundi vidogo ni hili: msinunue kila kikundi peke yake. Vikundi vitatu vya jirani vikichanga vitapata mashine ya kizazi cha nane, UPS, printa moja, na pesa za kumfunza karani mmoja kwa mwezi mzima. Lijadilini kwenye mkutano wenu ujao, na mashine iwe mezani kufikia Septemba, ili majina na namba za mashamba viwe vimeingizwa na kukaguliwa kabla mavuno ya Novemba hayajaanza kupimwa.