Sindano Mbili kwa Mwaka

Nimeombwa nizungumzie dawa mpya, na najua mnayotaka kuisikia ni ile sindano ya kuzuia VVU. Mitaani wengine wameshaipa jina, eti "chanjo ya UKIMWI". Jamani, si chanjo. Chanjo huufundisha mwili kupigana wenyewe. Hii ni dawa: inachomwa chini ya ngozi ya tumbo, inaingia kwenye damu polepole kwa miezi sita. Ukiacha kuchoma, kinga nayo inakwisha.

Inaitwa lenakapaviri. Utafiti mmoja mkubwa ulifanyika Afrika Kusini na Uganda, kwa wasichana na wanawake zaidi ya 5,000 wenye miaka 16 hadi 25. Yaani rika letu hili hili! Kila mmoja alichomwa sindano na pia akapewa vidonge vya kumeza kila siku, lakini kimoja tu kati ya hivyo viwili ndicho kilikuwa na dawa ya kweli. Mshiriki hakujua kipi, wala aliyemchoma hakujua. Hakuna aliyeachwa bila dawa kabisa. Isingekuwa haki, maana vidonge vya kinga, vile mnavyoviita PrEP, vilikuwepo tayari.

Juni 2024 matokeo yalikuwa wazi mno, ikaamuliwa washiriki waambiwe ukweli. Kati ya 2,134 waliochomwa dawa yenyewe, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sifuri! Kati ya 1,068 wa vidonge vya Truvada waliambukizwa 16, na kati ya 2,136 wa vidonge vya Descovy, 39.

Mtu atasema, kumbe vidonge havifai. Hapana. Truvada inakinga vizuri sana ikimezwa. Watafiti walipima damu za baadhi yao wakakuta wengi hawakumeza inavyotakiwa. Na mimi siwalaumu. Unalala chumba kimoja na wadogo zako, kopo la vidonge utalificha wapi? Mchumba akilisikia linalia kwenye mkoba, tayari ni kesi: unaumwa, au una mwingine. Sindano haina kopo.

Marekani iliiidhinisha Juni 2025 kwa ajili ya kinga, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Julai mwaka huo huo. Lakini ina masharti. Lazima upimwe VVU kwanza, kila unapochomwa, kwa sababu mwenye virusi tayari haitamtosha peke yake, na virusi vinaweza kuwa sugu. Siku mbili za mwanzo unameza na vidonge vyake. Unaweza kuota kinundu pale ulipochomwa. Ukitumia rifampisini ya kifua kikuu, sema, maana inaipunguza nguvu. Na haizuii mimba, kisonono wala kaswende, kwa hiyo kondomu bado ina kazi yake.

Bei? Marekani ilianza kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Septemba 2025 yakatangazwa makubaliano ya kutengeneza ya dola 40 kwa mwaka, kwa nchi 120, kuanzia 2027. Shehena za kwanza Afrika zilifika Eswatini na Zambia Novemba 2025. Nenda kituo cha afya uulize. Wakikuambia hakuna sindano, uliza vidonge siku hiyo hiyo.

Haya, maswali. Nani anaanza?