Kichwa Kisicho na Mwili: Lugha ya Vichwa vya Habari katika Uandishi wa Habari wa Kiswahili nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Kwa Mathias ni eneo la mji wa Kibaha, kandokando ya Barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam. Wakazi wa eneo hilo, kama walivyo wenzao wa Kisarawe, Mlandizi na Chalinze, hukutana na habari za nchi yao kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni meza ya muuza magazeti, ambapo wapita njia wengi husoma kurasa za mbele na kuondoka bila kununua. Ya pili ni redio, ambayo kila asubuhi huwasomea wasikilizaji yaliyomo magazetini. Ya tatu ni simu ya mkononi. Njia hizi zinatofautiana kwa mengi, lakini zinafanana kwa jambo moja: kinachomfikia mtu kwanza, na mara nyingi kinachomfikia peke yake, ni kichwa cha habari.

Mwaka 2017 hali hiyo ilipewa nguvu ya agizo. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliviagiza vituo vya redio na televisheni visome vichwa vya habari tu, visiingie katika undani wake, ili wananchi wanunue magazeti. Nia ya agizo ilikuwa kulinda soko la magazeti. Hata hivyo, kwa msikilizaji asiye na fedha ya gazeti, maana yake ilikuwa kwamba atapewa kichwa bila kiwiliwili.

Hoja ya mhadhara huu inatokana na ukweli huo. Kwa sehemu kubwa ya watumiaji wa Kiswahili, kichwa cha habari si mlango wa kuingilia katika habari, bali ndiyo habari yenyewe. Kwa hiyo, kichwa cha uongo kilichowekwa juu ya habari ya kweli ni uongo kamili, na mhariri hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ukweli ulikuwa ndani. Tena, uongo huo hujengwa kwa zana za sarufi, na ndiyo maana wanaisimu wanapaswa kuushughulikia sawa na wanasheria na wanahabari.

2.0 Mapito ya Kihistoria

Magazeti ya Kiswahili yana umri wa zaidi ya karne moja. Msimulizi lilianza Zanzibar mwaka 1888 mikononi mwa wamisionari. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Wakati wa kudai uhuru na baada yake yakafuata Mwafrika (1957), Ngurumo (1959) na Uhuru (1961).

Si sahihi kudai kwamba enzi hizo zilikuwa safi. Mambo Leo lilisema yaliyoridhiwa na mkoloni, na Uhuru lilikuwa sauti ya chama. Dosari kubwa ya magazeti ya namna hiyo ilikuwa ukimya: mambo mazito hayakuandikwa. Baada ya nchi kurejea katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yaliongezeka upesi, na ukimya ukapungua. Lakini magazeti mengi yalipolala juu ya meza moja, kila moja lililazimika kupiga kelele ili lionekane. Ndipo neno "udaku", lililotaja tabia ya mtu apendaye kuchungulia na kueneza mambo ya wenzake, lilipokuwa jina la aina nzima ya magazeti.

Wanahabari wenyewe waliiona hatari hiyo mapema. Mwaka 1995 waliunda Baraza la Habari Tanzania ili kusimamia maadili na kusuluhisha malalamiko. Isitoshe, katika miaka hiyo mpaka ulionekana wazi. Aliyenunua gazeti la udaku alijua anachonunua, na aliyenunua gazeti la habari nzito alitarajia kingine. Tatizo la sasa ni kwamba mpaka huo umefutika. Simuni, ambako habari ya Bunge na ya ugomvi wa wasanii hupita kwenye kioo kimoja, kwa ukubwa uleule wa herufi, mtindo wa udaku umekuwa mtindo wa wote.

3.0 Sarufi ya Chambo

Kichwa cha aina hii kinaweza kuitwa kichwa-chambo, kwa kuwa kazi yake si kujulisha bali kunasa. Mifano inayofuata imetungwa kwa ajili ya mhadhara huu, ili mjadala uhusu lugha na usihusu gazeti fulani.

3.1 Kiambishi kisicho na mwenyewe

Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kufunga sentensi nzima ndani ya neno moja. "Yamemkuta!" ni sentensi kamili: ina kiima, wakati, mtendwa na kitenzi. Katika mazungumzo ya majirani, kiambishi ya- huashiria mambo ambayo wote wawili wanayajua, na -m- humwashiria mtu aliyekwisha kutajwa. Kichwa-chambo huchukua viambishi hivyo na kuvitenga na vile vinavyoviwakilisha. Ni mambo gani? Amekutwa nani? Msomaji hana njia ya kujua, na kwa kuwa kiambishi cha nafsi katika Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanamume, hata jinsia ya mhusika imefichwa. Vivyo hivyo kwa "Haya hapa aliyoyasema" na "Huyu ndiye aliyeiba mamilioni": vioneshi vinaonesha, lakini hakuna kinachooneshwa.

Inafaa kulinganisha mtindo huo na jinsi watu wa kawaida wanavyotaja mahali. Jina Kwa Mathias, kama majina mengine mengi ya aina hiyo mkoani Pwani, limejengwa kwa "kwa" na jina la mtu. Mgeni anayeambiwa ashuke hapo hupewa, ndani ya maneno mawili, mahali na jina la mtu wa kuhusishwa napo. Ufupi si lazima uwe fumbo. Lugha ileile inayoweza kuficha kwa neno moja inaweza pia kueleza kwa maneno mawili.

3.2 Kitenzi-jina badala ya wakati

Vichwa vya habari hupenda kiambishi ku-: "Waziri kujiuzulu". Umbo hili halina wakati. Linaweza kumaanisha kwamba waziri atajiuzulu, kwamba anataka kujiuzulu, au kwamba kuna watu wanaomtaka ajiuzulu. Katika "Rais kuhutubia taifa kesho" hakuna madhara, kwa sababu neno "kesho" linaziba pengo. Kwenye kichwa-chambo pengo huachwa wazi makusudi, na mara nyingine alama ya kuuliza huongezwa mwishoni ili gazeti lisibanwe kwa neno lake. Alama hiyo haiulizi kitu. Kazi yake ni kumpa mhariri mahali pa kukimbilia.

3.3 Kitenzi cha kudai

Kati ya "Mhasibu aiba" na "Mhasibu adaiwa kuiba" kuna neno moja tu, lakini kisheria kuna umbali mrefu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Mhariri anayefuta "adaiwa" ili kupata nafasi ya herufi kubwa zaidi amekwisha kutoa hukumu. Vilevile kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kuweka "adaiwa" bila mdai. Kauli ya kutendwa humruhusu mwandishi kuficha chanzo, na uvumi wa kijiweni ukapata heshima ya taarifa ya polisi.

3.4 Maneno makali yaliyochakaa

Mbunge akikosoa bajeti, "ameilipua". Msanii akizungumza, "amefunguka". Barua ya kawaida ikionekana, "bomu" limetegwa. Msomaji huzoea, na kila siku huhitaji neno kali zaidi ili ageuze shingo.

4.0 Gharama

Huenda ikasemwa kwamba hayo ni mapambo tu. Mambo mawili yanatosha kuonesha kwamba sivyo.

La kwanza ni la thamani ya maneno. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 likalipuka jingine Gongo la Mboto, kwenye njia iendayo Kisarawe. Mabomu yalikuwa mabomu hasa. Watu walikufa, nyumba zilibomoka, na watoto walipoteana na wazazi wao usiku. Katika saa kama hizo mwananchi anahitaji neno "mlipuko" liwe na maana moja, ili akilisikia redioni ajue kwamba anapaswa kukimbia. Lugha iliyotumia neno hilo kila wiki kwa ajili ya mabishano ya siasa imelipunguzia uwezo wa kuonya.

La pili ni la uhai. Mwanzoni mwa mwaka 2011 maelfu ya watu, kutoka Tanzania na nchi jirani, walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo. Bei ya kikombe ilikuwa shilingi 500, na maradhi yaliyosemwa kuwa yanapona ni pamoja na UKIMWI, kisukari na saratani. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi, na wagonjwa wengine walifia njiani. Habari hiyo ilistahili kuandikwa, maana lilikuwa tukio kubwa la jamii. Lakini kwa mgonjwa anayesoma akiwa amesimama mbele ya meza ya magazeti, kilichotenganisha matumaini na uthibitisho kilikuwa ni tofauti ya "aponya" na "asema anaponya". Mgonjwa aliyeamini la kwanza alikuwa na sababu ya kuacha vidonge vyake. Hapo kitenzi cha kudai si suala la mtindo. Ni sehemu ya afya ya umma.

5.0 Sababu na Tiba Isiyofaa

Lawama haziwezi kuwekwa zote juu ya mwandishi wa habari. Kwa kawaida si yeye anayetunga kichwa, bali hutungwa katika chumba cha habari, usiku, na mtu ambaye hakufika kwenye tukio. Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, na hulipwa kwa habari iliyotoka, si kwa siku walizotumia kuitafuta. Kwenye mtandao, tangazo hulipa kwa idadi ya watazamaji, na kubofya kwa hasira kuna thamani sawa na kubofya kwa shukrani.

Dola nayo imejaribu tiba yake. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 zilitumika kufungia magazeti. Mwaka 2013 Mwananchi lilifungiwa kwa siku 14 na Mtanzania kwa siku 90. Mwaka 2017 pekee zilifika zamu za Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima. Mwaka 2022 serikali iliyarudishia baadhi ya magazeti leseni zake. Ufungiaji haukupunguza vichwa-chambo hata kidogo, kwa sababu udaku hauhatarishi cheo cha mtu yeyote. Kinachopungua ni habari inayochunguza, na nafasi yake hujazwa na kelele.

Mkoa wa Pwani una ushahidi mchungu wa jambo hili. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi, aliripoti mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi katika eneo la Kibiti. Kazi yake ilikuwa kinyume kabisa cha chambo: kwenda mahali, kuuliza, kutaja nani na wapi. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka Kibiti. Katika kipindi hichohicho maneno "watu wasiojulikana" yalizoeleka katika vichwa vya habari nchini. Kiima kisicho na jina, ambacho kwenye udaku ni mchezo wa kuuza nakala, hapo kilikuwa dalili kwamba kutaja jina kumekuwa hatari. Mwanaisimu anapaswa kutenganisha mafumbo haya mawili: la anayejua akaficha kwa faida, na la asiyeweza kusema kwa hofu.

6.0 Hitimisho

Kuvutia si dhambi. Utamaduni wa Waswahili unakijua kitendawili, ambacho nacho hutegwa. Tofauti ni kwamba kitendawili humpa msikilizaji picha ya haki, na jibu likitolewa hulingana na picha hiyo hata aliyeshindwa akakubali. Kichwa-chambo hutega kwa picha moja na kujibu kwa nyingine.

Kutokana na hayo, yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, kila kichwa kipimwe kwa swali hili: kikisomwa redioni peke yake, mtu wa Kwa Mathias ambaye hataliona gazeti siku hiyo atabaki na ukweli au na uongo? Pili, vyuo vinavyofundisha uandishi wa habari viifanye sarufi ya kichwa kuwa somo kamili, hasa viambishi, kauli ya kutendwa na kitenzi cha kudai, badala ya kuiacha ijifunziwe kwa mazoea katika chumba cha habari. Tatu, wanafunzi wa isimu wakusanye vichwa vya magazeti ya Kiswahili, kuanzia Mambo Leo hadi vya simu za leo, na kuvichambua pamoja na habari zilizo chini yake, ili ionekane kwa takwimu ni wapi na lini kichwa kilianza kutengana na mwili.

Kazi hiyo ya tatu haihitaji kibali cha wizara wala fedha ya mfadhili. Magazeti ya zamani yamo katika maktaba na nyaraka za taifa, na ya leo yapo mezani kila asubuhi.