Nani Ataziba Ufa wa Ghorofa?

Wekeni tayari madaftari yenu. Somo letu la leo ni utunzaji wa majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa fedha za serikali.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwako nyumbani ufa ni wako. Ukiuona, unauziba. Lakini katika jumba wanamokaa jamaa mia moja, paa ni la nani? Ngazi ni za nani? Na lifti, yaani kile chumba kidogo kinachopandisha watu kwa nguvu za umeme, ikiharibika, nani atamlipa fundi?

Sikilizeni habari za mji wa St. Louis, nchi ya Marekani. Mwaka 1954 wapangaji wa kwanza waliingia katika nyumba mpya zilizoitwa Pruitt-Igoe. Zilikuwa majumba 33, kila moja lina ghorofa 11. Serikali kuu iligharimia kujenga. Fedha za kutunza, hata hivyo, zilitakiwa zitoke katika kodi ya wapangaji, na wengi wao walikuwa maskini.

Mji ule ulikuwa ukipoteza watu na kazi, na ubaguzi wa rangi uliwabana watu Weusi. Fleti nyingi zikabaki tupu. Fleti ikiwa tupu, haileti kodi. Kodi ikipungua, mafundi hawalipwi. Lifti zikaharibika, madirisha yakavunjika, mabomba ya maji yakapasuka wakati wa baridi. Wenye uwezo wakahama, na kodi ikapungua tena. Waliobaki wakapandishiwa kodi, na mwaka 1969 wakagoma kulipa. Mwaka 1972 majumba yakaanza kubomolewa. Mwaka 1976 halikubaki hata moja.

Sasa twende Singapore, nchi ndogo ya Asia. Huko karibu watu 8 katika kila 10 wanakaa katika majumba ya serikali. Chini ya sheria ya mwaka 1988 kuna mabaraza ya miji yanayotunza majumba hayo. Kila mwezi kila fleti hutoa ada. Wenye fleti ndogo hutoa kidogo, wenye fleti kubwa hutoa zaidi, na serikali huongeza ruzuku. Sehemu ya fedha hizo hulipia usafi na taa. Sehemu nyingine, kwa amri ya sheria, huwekwa akiba ya kazi kubwa za baadaye: kupaka rangi, kutengeneza paa, kubadili lifti.

Je, mmeona tofauti? Lifti huanza kuchakaa siku ile ile inapoanza kazi. Kwa hiyo akiba yake ianze siku hiyo, isingoje mpaka ikwame. Na wapangaji wakiwa maskini, wasiachiwe mzigo wote peke yao.

Shikeni kalamu. Tuseme jumba lina fleti 40, na kila fleti inaweka akiba shilingi 5,000 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 200,000 kwa mwezi.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Jumba hilo litakuwa na akiba ya shilingi ngapi baada ya miaka 10?
2. Nani azishike fedha hizo, na wakazi watajuaje kwamba zipo?
3. Jirani aliyepoteza kazi, asiyeweza kulipa, afanyiwe nini?

Jadilianeni, kisha andikeni majibu yenu. Kwaherini.